Bomba la Shaba la Landrova ya Bi Echati

Hell-Ville, Nosy Be
Jumatatu

Dada yangu Mwanaidi,

Habari mpya kuliko zote imetoka kwa nahodha wa boti ya mizigo iendayo Mahajanga. Amesema leo asubuhi, mbele yangu na Bi Echati, kwamba ataipakia Landrova, ila atainusa kwanza. Ikinuka petroli, inabaki gatini, nami nabaki nayo.

Sasa salamu. Natumai waraka huu unakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na miguu yako imeacha kuvimba. Mimi sijambo. Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba mama sasa anamtambua mtu kwa sauti na kwa kivuli chake mlangoni, na kila akisikia hatua za mwanamume huuliza kama ni mimi. Basi nikueleze nilipofikia.

Bi Echati ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, ukoo wake ni wa Wangazija waliohamia huku zamani. Landrova ni ya marehemu mumewe, imelala bandani tangu alipofariki, naye anataka imfikie mwanawe Mahajanga. Tulikubaliana hivi: nikiiwasha na kuifikisha, mwanawe, afanyaye kazi bandarini, atanipatia nafasi katika meli ya Zanzibar. Toka hapo Tanga si mbali. Njia nyingine sina.

Injini haikunisumbua. Iliyokufa ni njia ya petroli. Bomba la chuma lilikuwa limeliwa na kutu toka kwenye tangi mpaka karibu na pampu, na mpira wa mwisho ulikatika mkononi kama mkate mkavu. Spea hazipatikani hapa, bomba wala mpira. Nikaenda kwa Tombo, fundi shaba wa kiwanda cha kuchemshia maua ya langilangi, mwenye mabomba ya mitambo iliyochakaa. Tulinyoosha moja, tukalipasha moto lilainike, tukalipitisha kwenye fremu upande usio na ekzosi, petroli isije ikachemka njiani.

"Mwisho wake unataka mpira," nilimwambia.

"Na mimi nataka mke wa pili," alisema. Akalilehemu moja kwa moja, tangi mpaka pampu, kama afanyavyo kiwandani.

Siku ya boti iliyopita tuliteremka gatini. Injini ya gari hucheza juu ya fremu, lakini lile bomba halikuwa na pa kuchezea. Kabla hatujafika likapasuka penye pampu. Nahodha aliinama, akanusa. "Mama," alimwambia Bi Echati, "humu nina abiria na majiko ya mkaa. Niondolee bomu lako." Boti ikang'oa nanga. Nilisimama mpaka ilipopita Nosy Komba, kisha tukaisukuma gari kurudi.

Bi Echati alimwita Tombo. "Umenitengenezea gari la kukaa."

"Bibi, mitambo yangu yote inakaa. Hakuna hata mmoja ulioniomba safari."

Bi Echati alicheka, na mimi sikuwahi kumwona akicheka. Tombo akachukua bomba jembamba, akalizungusha mara tatu kwenye mchi wa kinu, likajiviringa kama lile linalopoza mvuke ndani ya pipa lake. Alilitikisa, likanesa. Hilo ndilo tulilofunga kati ya fremu na pampu, kwa nati. Jana nilipaka chaki kila kiungo, nikaendesha mpaka Dzamandzar na kurudi kwa njia mbovu. Chaki ilirudi nyeupe na kavu.

Bi Echati anashauri tupake mafuta ya langilangi. "Nahodha anuse harusi," anasema. Nimekataa. Akinusa manukato atajua tunaficha kitu.

Watu hapa husema Kimalagasi na Kifaransa. Bi Echati hunisemesha Kingazija, tunaelewana nusu, nusu nyingine tunamalizia kwa mikono. Kiswahili nakitumia kwa kukuandikia wewe, na ninapozungumza na injini. Juzi nilimwota mama akiniita nikale, na nilipoamka nikawa nimeshaitika.

Mara iliyopita mlimwambia nakuja, akafua shuka na kukaa kibarazani siku nzima. Safari hii usimwambie. Akiuliza, mwambie Salimu ni mzima na ana kazi. Yote mawili ni kweli.

Nisalimie shemeji, mjomba muuza samaki, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye kanzu yake bado ninaivaa Ijumaa. Mkono wa mama ubusu kwa niaba yangu, bila kumwambia busu ni la nani.

Maji yanajaa Alhamisi baada ya adhuhuri. Mbao za kupakilia zimeshaletwa gatini, na Tombo atakuja na spana yake. Tukipakiwa, telegramu itakufikia toka Mahajanga.

Nduguyo,
Salimu