Mupenzi Zacharie, Mupenzi Anaclet

Bunia, Saio, tarehe 10 mwezi ya pili 2024

Binti yangu Séphora,

Jambo sana. Unaamuka aje kule Niania? Mvua, matope na malaria vinakuacha kidogo? Miye niko muzima, isipokuwa goti ya kushoto, yenye haikunisikiliza tangu ujana.

Kwanza ujue unaandikia mutu gani. Miye njo musomaji mukubwa ya Saio yote. Miaka makumi tatu magazeti ya Kinshasa yalipita mu mikono yangu, hakuna hata moja yenye ilinikimbia.

Basi, ni uongo. Yalipita juu nilikuwa nauzisha karanga soko, na karanga inafungwa mu gazeti. Nilisoma vipande tu: waziri bila kichwa, kilio bila jina ya maiti. Masomo yangu iliishia primaire ya ine, siku mwalimu alitambua ni miye niliketisha mbuzi mu kiti yake.

Njo maana barua zako zinanishangaza. Ketsia, mukamwana wangu, alizitia mu telefone yangu. Alisema iko mama moja ya Niania anapikia mashofere chakula, na kila siku ya tano, ni kusema Ijumaa, anatuma barua juu ya maisha yake, bila patron, bila gazeti, bila mutu ya kumukatia maneno. Nikajiambia: mutu kama ule atakuwa na matusi mingi.

Kumbe hapana. Ya kwanza ilikuwa juu ya jogoo yako, mwenye alipanda lori ya Kisangani akaenda nayo. Ukurasa mbili nzima unaeleza vile ulisimama mu barabara na mwiko mu mukono, unaona haya kumuita kwa jina mbele ya mashofere. Hakuna jambo kubwa mule. Hakuna waziri. Na miye nilicheka mpaka jirani akaja kuona kama nimeanguka. Kisha nikaisoma tena, juu hata miye iko vitu niliita kwa sauti ndogo, vikaenda.

Lakini haukusema kama jogoo alirudia. Mutu hafanyie wengine hivyo.

Na kitu ingine. Unaanza na "Mupenzi Zacharie". Tangu muke wangu Musoki alikufa, sasa miaka mbili, hakuna mwanamuke aliniita hivyo. Siko namaanisha kitu mubaya. Ila sikatai.

Baba yako,
Zacharie

Niania, tarehe 13 mwezi ya pili 2024

Baba Zacharie,

Nakusalimia na heshima yote. Niko muzima, ni moshi tu inanitoa machozi. Goti ile uipake mafuta ya mawese ya moto.

Watu wananisoma, lakini weye njo wa kwanza kunijibu kama vile barua inajibiwa. Nilicheka karibu na sufuria, mashofere wakauliza ni nani. Nikasema ni baba moja ya Bunia mwenye aliketisha mbuzi mu kiti.

Juu ya jogoo, nakuahidi nitakueleza. Iandike kama deni. Habari ile bado haijaiva.

Mutoto yako,
Séphora

Bunia, Saio, tarehe 23 mwezi ya tatu 2024

Séphora,

Habari ya masiku? Goti iko inanuka mawese, mbwa ya jirani inanifuata. Leo nina maneno na weye.

Ujue siye wote tunacharger telefone mu cabine, kibanda ya telefone ya Mama Gracieuse. Jana nilikuta pale mzee mwenzangu Anaclet. Hatusalimiane tangu ng'ombe yake ilikula mahindi yangu, miaka tisa. Alikuwa anasoma telefone yake na anatabasamu sawa bwana-arusi. Nikachungulia. "Mupenzi Anaclet." Na chini, jina yako.

Nilimuambia anirudishie barua yangu. Akasema ni yake, ina jina yake. Tukaanza kuoneshana telefone kama watu wenye kugombania mupaka ya shamba. Ilikuwa ile barua yako ya mashofere wenye kutia chumvi mbele ya kuonja: neno kwa neno, mu telefone zote mbili. Mwisho Mama Gracieuse akasema, polepole, kama anaongea na wagonjwa: "Wazee, huyu mama anaandikia watu wote. Jina, ni mashini inatia."

Séphora, kwetu barua yenye jina yako ni yako, na unaijibu mbele ingine haijafika. Nilikuwa nimejibu zote sita. Anaclet naye alijibu zote sita. Aliangalia miguu yake. Miye pia niliangalia miguu yake. Kisha mutu moja akacheka, na mutu ile alikuwa miye.

Sasa tumepatana. Siku ya tano nasoma kwa sauti pale cabine, na Anaclet ananisahihisha Kifransa. Tuko watu kumi na moja. Hata mwenye batri yake imejaa hachomoe.

Baba yako, pamoja na wengine, inaonekana,
Zacharie

Niania, tarehe 18 mwezi ya ine 2024

Baba Zacharie,

Salamu. Sina nyingi leo.

Mulisoma barua ya wiki ilipita, juu ya kiti ya mama yangu: vile lori ilikwama mu matope, nikafika Mambasa wamekwisha kumuzika, nikaketi kwa kiti yake ya jikoni mpaka asubui. Kaka yangu Stéphane alisikia. Alinitumia neno kwamba nimeanika mama yetu kwa kamba, kama nguo, wapita njia waangalie.

Baba, Stéphane njo ndugu moja tu nilibakia naye. Kesho barua haitakuja, na nyuma ya kesho haitakuja tena. Munisamehe. Na jogoo pia, unisamehe.

Séphora

Bunia, Saio, tarehe 20 mwezi ya ine 2024

Binti yangu,

Sikuulize kama uko muzima, juu najua.

Jana watu walikuja cabine kama desturi. Hakuna barua. Hakuna mwenye alienda. Mama Gracieuse akasema turudilie kusoma ile ya kiti, nikairudilia.

Nikueleze kitu yenye sikumuambia Anaclet. Sufuria kubwa ya Musoki ilikuwa inalala kichwa chini miaka mbili. Sikutaka mutu aiguse. Nyuma ya kusoma barua yako nilimuita Ketsia, nikamuambia apike ndani. Majani ya pondu iliungua. Nilikula yote. Hata askofu hajanisogeza moyo hivyo, na askofu anakuja na gari.

Sasa sikiliza, nakuambia bila sukari. Stéphane aliisoma barua ile, ao aliisikia tu mu kinywa ya watu? Habari ya kilio inapelekwa na miguu, na mwenye kilio anaisikia wa kwanza. Weye ulianza na miye, na Anaclet, na wauza-sabuni ya Bunia. Kosa yako iko pale, haiko mu kuandika. Panda lori. Keti mbele yake, umusomee na kinywa yako.

Akikataa, uache. Lakini asikatae kitu yenye hajasikia.

Baba yako,
Zacharie

Niania, tarehe 2 mwezi ya sita 2024

Baba Zacharie,

Nakusalimia, weye na cabine yote. Nilikaa kimya juu nilikuwa naogopa. Wiki tano nilitafuta sababu. Mwisho nikaenda kwa Stéphane, Mambasa.

Hakukuwa ameisoma. Tulikaa mu kiwanja, nikamusomea. Sauti ilinikatika mara mbili, na mara zote mbili alingoja. Nilipomaliza alisimama. Aliingia mu nyumba, akatoka na kiti ya mama, akaiweka mbele yangu.

"Miguu tatu," akasema. "Weye uliandika ine."

Nikahesabu. Ni tatu.

"Andika tena, na uandike muzuri. Na ikiwa juu ya mama, nisikie wa kwanza."

Siku ya tano barua itakuja.

Mutoto yako,
Séphora

Bunia, Saio, tarehe 8 mwezi ya sita 2024

Binti yangu Séphora,

Niko muzima, goti iko muzima, hata mbwa iko muzima.

Ilifika. "Mupenzi Zacharie, kiti ilikuwa na miguu tatu." Tulikuwa watu kumi na sita, wengine bila telefone. Uliandika kwamba ya ine uliiongeza weye, juu ulitaka mama akae imara. Pale niliacha kwanza kusoma. Anaclet alilia, akasema ni moshi. Hakukuwa moshi. Nilimupa kitambaa yangu, na sikusema neno juu ya ng'ombe.

Sasa, miye siombe kitu. Lakini nilikutuma Mambasa, ulifika, ulirudia, na iko deni yako kwangu tangu mwezi ya pili. Uniambie: jogoo alirudia, ao anakula mupunga kule Kisangani? Uitume siku ya ine, binti yangu, kwa miye peke yangu. Anaclet aipate kesho yake.

Baba yako,
Zacharie