Utanikoma, Umbea na Sayari 19

Jumamosi, 4 Machi

Friji tatu leo. Namba 11 imepona. Namba 12 kompresa imekufa. Namba 13 mwenyewe haji kuichukua, sijui anadhani karakana yangu ni ghala.

Saa kumi na moja nikafunga, nikakaa kwenye gemu langu la anga. Mama akavuta kiti nyuma yangu. Mama mkwe, yaani. Yuko kwetu wiki ya pili kumwangalia binti yake, maana daktari kamkataza kusimama mpaka ajifungue. Aibu iliyonishika! Mwanamume mzima, ndevu zina mvi, nacheza gemu mbele ya mkwe.

Akauliza vile vidude ni nini. Meli za angani, Mama. Tunateka sayari, tunajenga, tunapigana na wale wekundu. Zinaitwaje? Nikamwambia: Meli 1, Meli 2, mpaka Meli 14.

Akaonyesha kwa kidole: "Na hicho kisanduku kilichoandikwa Jina ni cha nini?" Nikasema ukikiacha wazi, gemu linaweka namba lenyewe.

"Mkwe wangu, mimi nimekaa dirisha la kuandikisha vizazi miaka thelathini na moja. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea Mtoto 14."

Bosi akacheka kule chumbani. Bosi ni mke wangu. Ukuta wetu ni wa mbao, anasikia kila kitu. Ni mwezi sijamsikia akicheka hivyo.

Jumatatu, 6 Machi

Kumbe kuna kanuni! Pale dirishani kwake Mama alikuwa haandiki jina mpaka mzazi alipitishe mara tatu. Kwanza uliite kwa mbali, kama vile mtoto yuko uwanjani na chakula kinapoa. Pili ulifokee. Tatu ulibembeleze, kama ana homa. Likikwama popote, rudi nyumbani ukafikirie tena. Kalamu haigusi karatasi. Anasema walinuna wengi, ila hakuna aliyerudi kubadilisha.

Leo ikawa zamu ya meli za vita. Nikapendekeza Mauaji. Akaliita: sawa. Akalifokea: sawa kabisa. Haya, libembeleze. Nikajaribu. "Mauaji... Mauaji wangu... pole..." Chumbani Bosi anagonga ukuta kwa kicheko. Mama hakucheka. Hata meli ya vita hurudi nyumbani imeumia, akasema, sasa siku hiyo utaiambia nini?

Akaiita Utanikoma. Akasimama katikati ya sebule na magoti yake yale: "Utanikomaaa!" Kisha kwa ukali: "We Utanikoma!" Dakika haijaisha, jirani fundi saa anabisha hodi, macho yamemtoka, anauliza kama tumegombana na mkwe. Nikamwambia tunaita meli. Akaondoka polepole huku anageuka nyuma.

Alhamisi, 9 Machi

Huyu mama ana kipaji, na sisemi kwa sababu ni mkwe. Mimi na gemu hili tuna miaka sita, sijawahi kuliona hivi.

Meli ya upelelezi, ile ya kutangulia kuchungulia, ni Umbea. Sasa nikiituma, taarifa inaandika: "Umbea imefika." Kweli, imefika kwa majirani wote! Meli ya mizigo, nzito, inajikokota nyuma ya wenzake: Haraka ya Nini. Kikosi kikubwa cha meli tisa: Wakwe. Nikauliza kwa nini. "Kwa sababu wakifika hawaondoki." Kasema mwenyewe! Mimi ningethubutu wapi? Sayari yenye majua mawili: Hakulaliki. Sayari ya barafu tupu: Friji ya Mkwe. Hiyo ni heshima yangu, na nimeipokea.

Ugonjwa umenifuata mpaka kazini. Nimeshika chaki niandike 16 kwenye friji iliyoletwa asubuhi, mkono umegoma. Inanguruma, inakaa kimya, inakohoa. Nikaandika: Babu Kikohozi. Mwenyewe alipokuja akasoma, akacheka, akasema kumbe umeijua. Sikumbuki mteja kuniambia hivyo kwa sababu ya namba.

Jumapili, 12 Machi

Umbea imevumbua sayari! Maji, hewa safi, rangi ya bluu. Gemu zima nilikuwa naitafuta ya namna hii. Kisanduku kikafunguka, nikamgeukia Mama: haya, kazi kwako.

Akaondoa mikono mezani. "Hii iache. Si yangu mimi kuipa jina."

Nikaona macho yake yako kwenye ukuta wa mbao. Sikuuliza. Nikabonyeza, gemu likaandika Sayari 19. Chumbani nikasikia Bosi anajigeuza kitandani.

Bosi hataki jina lolote litajwe nyumba hii mpaka amsikie mtoto analia. Shangazi yake alianza juzi, "Akiwa wa kike...", alikatwa kauli hapo hapo. Namwelewa. Mwaka jana wetu alikuja wa miezi saba. Hakulia.

Jumanne, 14 Machi

Tumepigwa. Wekundu wamemzingira Haraka ya Nini na mizigo yake yote. Zamani hata nisingepepesa jicho. Meli 8 ikifa unajenga Meli 15, maisha yanaendelea. Leo nimeshindwa. Nimewageuza Wakwe wote tisa—mara ya kwanza Wakwe kuondoka mahali kwa hiari yao!—wakaenda kumtoa. Hakulaliki, waliyokuwa wakiilinda, imetekwa. Haraka ya Nini imerudi inafuka moshi, na Mama akainama karibu na kioo: "Pole. Pole wee. Umeshafika." Machozi yakanilengalenga, kwa meli ya mizigo!

Hapo ndipo nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Kwamba mwaka jana hospitali karani aliniuliza jina la mtoto. Nikajibu hakuna, haraka haraka, ili nitoke pale. Akapiga kistari kwenye nafasi ya jina. Sikumwambia Bosi kuwa niliulizwa. Yeye alikuwa amelala wodini, na mimi nilijibu kwa niaba ya wote wawili.

Nilidhani Mama ataniona wa hovyo. Halafu akasema na yeye alifundishwa kupiga kistari. "Ila mimi nilikuwa nauliza mara mbili, baba. Mara ya kwanza wote husema hakuna. Ya pili, wengi wanalo. Lilikuwa linasubiri kuulizwa."

Aliniita baba. Hajawahi. Ninaandika haya na moyo umenivimba.

Halafu nimekumbuka ukuta ni wa mbao.

Jumatano, 15 Machi

Amesikia. Nimempelekea chai, amesema asante. Basi.

Jumamosi, 18 Machi

Bado ni asante tu. Nimemwambia nisamehe. Amesema ameshasikia, niende kazini.

Sina hamu ya gemu. Babu Kikohozi amerudi na ugonjwa ule ule.

Jambo moja: jioni nimekuta kiti cha kompyuta kimesogezwa na kimewekewa mito miwili. Nadhani Mama ameanza kucheza mwenyewe kwa siri. Na atakuwa ananishinda!

Jumanne, 21 Machi

Saa tatu asubuhi ameshikwa na uchungu. Wiki ya thelathini na tano. Mapema, lakini siyo mapema kama ile. Nayarudia haya tangu tulipopanda gari.

Mama yuko naye ndani. Mimi nimerudishwa nyumbani, maana kadi ya kliniki imesahaulika. Nilimuuliza Bosi iko wapi. Akanishika mkono, akabana mpaka pete ikaniumiza, akasema: chini ya kompyuta. Kompyuta! Kadi hukaa kwenye droo, miaka yote.

Nimeikuta kweli chini ya kompyuta. Nilipoivuta, kioo kikawaka. Gemu liko wazi. Umbea, Utanikoma, Wakwe, wote wamesimama kuizunguka ile sayari ya bluu. Sijawapanga mimi. Mama naye hajui kupanga kikosi, kila siku ananiuliza kitufe.

Na haiitwi tena Sayari 19.

Pembeni yake kuna kajiwe kadogo, mwezi wake, ambao mimi hata sikuwahi kuugusa. Sayari ina jina lake, mwezi nao una lake. Mawili. Bosi alikuwa nayo mawili! La huyu, na la yule wa mwaka jana. Alikuwa nalo muda wote, na mimi nikasema hakuna.

Nimekaa kwenye mito yake nikalia. Dakika moja tu, kisha nikaita teksi, maana kadi inasubiriwa. Inakuja. Naandika ili nisihesabu dakika.

Siyaandiki hapa. Kanuni ni kanuni, kalamu itasubiri. Nimetoka uani nikaita la kwanza kwa mbali, kwa sauti yote. Limekwenda vizuri! Fundi saa akachungulia dirishani. "Meli nyingine, bwana?" Nikamwambia hapana, siyo meli. Akanitazama, akazima redio yake, akasimama tu pale. Nikalifokea. Sauti ilikatika katikati lakini limepita. Halafu lile la mwezi, kwa mbali, kisha kwa ukali kidogo. Hilo limepita pia, na kulibembeleza nimelibembeleza hapo hapo, sikungoja.

La huyu limebaki kubembelezwa. Hilo siwezi kulifanya mikono mitupu.

Honi. Teksi hiyo. Mama anapiga simu na ninaogopa kupokea. Nakwenda. Karani akiniuliza leo, hata aniambie nini kwanza, hata ikiwa—

Hapana. Ninalo. Yote mawili ninayo. Napokea simu.