Nilimwambia Mama Mkwe "No Big Deal"

Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaaibika zaidi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nyumbani kwangu kuna amani, nakula vizuri na nalala vizuri, ila nimemkwaza mama mkwe kwa neno moja la Kiingereza. Tunaishi naye tangu alipovunjika nyonga, na kwa miezi mitano kiti chake cha magurudumu hakikuvuka mlango wa nyuma kwa sababu ya ngazi tatu, basi nikatumia Jumapili mbili kumtengenezea mteremko wa chuma, na siku ya kwanza akashuka mwenyewe hadi kwenye kamba akaanika nguo zake, akanishika mkono huku machozi yanamtoka, akasema, "Mwanangu, umenirudishia miguu." Mimi nikaona haya, nikajibu kama tunavyojibizana karakana, "No big deal, mama." Akamuuliza mjukuu wake maana yake, mtoto akasema, "Bibi, maana yake si kitu." Tangu hapo kila nikimwambia mama jambo ananijibu, "No bigi dili." Juzi nimekuja na habari kwamba nimefanywa msimamizi wa karakana, mke wangu anapiga vigelegele, mama anachambua maharage wala hainui macho, "No bigi dili, mwanangu." Mke wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Nifanyeje?

Fundi

Marahaba, fundi. Samahani, na mimi nimecheka.

Kazini mnalitumia sawasawa: mwenzako amekuangushia koleo mguuni, anaomba radhi, unamwambia hivyo naye anapumua. Unapunguza uzito wa kosa lake. Sasa mama alikukosea nini? Alikuletea shukrani, nawe ukaipunguza papo hapo. Mtu hajaliona jua la uani miezi mitano, leo kaanika nguo kwa mkono wake, unamwambia si kitu! Ulidhani ni unyenyekevu. Ulimkatisha, bwana.

Lakini usijitese. Mama aliyenuna kweli hatanii. Huyu wako anakuchokoza uje mzungumze.

Basi nenda leo, usimtume mkeo. Vuta kigoda, ukae chini kuliko kiti chake. Mwambie, "Mama, siku ile nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaropoka." Kiswahili tupu, na usieleze zaidi. Akikushukuru tena, jibu "Nashukuru, mama," halafu funga mdomo. Na akilia, usikimbilie kumbembeleza. Mwache alie mpaka amalize, nawe uwepo.