Nilimwambia Mtu wa Koti Nina Miaka Kumi na Tisa

Shangazi Margarita mpendwa, neno hili sijamwambia mtu yeyote, hata Nadine ninayekaa naye dawati moja: nilimdanganya mtu wa koti, yule anayepeleka karatasi za mahakama, na sasa naomba unisaidie kabla bibi yangu hajazuiwa kulima shamba lake.

Mimi niko S.3, kidato cha tatu, hapa Koboko, nina miaka kumi na sita, naishi na Habuba Hawah, mama wa mama yangu, ambaye Kurani anasoma lakini Kiingereza hajui, kwa hiyo tangu niko P.5, darasa la tano, barua zote za nyumba hii nasoma mimi, za kliniki, za shule, za LC wa serikali ya mtaa, halafu yeye anaweka dole gumba na mimi naandika jina lake pembeni, mpaka watu wa mtaa wananiita Karani. Siku tisa zilizopita Habuba alikuwa shambani kwake Lobule anapalilia muhogo, akaja mtu na pikipiki, ana bahasha, akauliza, "Muzee iko wapi?" Nikasema iko shamba. "Mukubwa mwingine iko?" Nikasema mimi. Akaniangalia. "Wewe iko na miaka ngapi?" Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kuitwa Karani, nikasema kumi na tisa. "Kumi na tisa, na bado iko S.3?" Nikasema nilirudia darasa. Akacheka, akanipa kalamu, nikasaini nakala yake, akaandika tarehe, saa na hiyo miaka ya uongo, akawasha pikipiki.

Nilipofungua bahasha nikaona aliyepeleka ombi koti ni mjomba Lukumani, mtoto wa Habuba wa kuzaa mwenyewe, anaapa kwamba shamba aliachiwa na baba yake, na anataka Habuba asiliguse mpaka kesi iishe, na ombi litasikilizwa Arua tarehe ishirini na sita. Nikaficha. Habuba ana presha, Shangazi, na kila swala yeye anamwombea dua huyo mtoto wake, mimi nitaanzaje kumsomea? Halafu juzi mjomba alinikuta sokoni akasema, "Karani, bahasha ilifika? Basi nyamaza. Hii iko maneno ya wakubwa, utaua muzee na presha." Nikanyamaza, na kesho Habuba anarudi Lobule na jembe lake.

Naandika na karatasi ya koti iko hapa mkekani. Nasikia ndala zake zinakuja mlangoni. Siku zote naifunika na daftari la hesabu. Leo siifuniki.

Shamirah, Koboko

*

Shamirah mwanangu, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine zote na nakujibu leo leo kwa sababu siku zako zinakimbia.

Nakuonea huruma, na pia nakugombeza. Karatasi za koti anapewa mwenyewe. Asipopatikana, anapewa mtu mzima anayekaa naye. Wewe si mtu mzima, kwa hiyo upelekaji ule una kasoro. Usiegemee kasoro hiyo! Yule wa pikipiki ataapa mbele ya koti kwamba alimpa mtu wa miaka kumi na tisa, na saini yako iko pale. Habuba asipojibu na asipofika, ombi linaweza kusikilizwa bila yeye, na amri ikitoka atakuwa anaivunja kila akiinua jembe. Mjomba wako anajua hivyo. Mtu anayejali presha ya mama yake hamwambii mtoto anyamaze.

Kujibu ombi kama hili, sheria inatoa siku kumi na tano tangu karatasi kupokelewa. Wewe umezilalia tisa. Nendeni Arua kesho asubuhi, jembe lingoje. Tafuteni ofisi ya msaada wa sheria, mbebe kila karatasi, hata bahasha. Wakili ataandika kiapo cha kujibu: Habuba analima shamba hilo tangu lini, nani anajua, na karatasi zilifikaje nyumbani. Hapo sema umri wako wa kweli, hata ukiona haya. Koti haitakumeza.

Kabla Habuba hajaweka dole gumba, kiapo chote asomewe kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike jina lake. Asiwe wewe, maana bado ni mtoto na kesi yenyewe inakugusa. Siku hiyo Karani akae pembeni. Kikishaapwa mbele ya kamishna wa viapo, kipelekwe masijala ya koti kigongwe muhuri, na nakala imfikie wakili wa Lukumani ndani ya siku hizo hizo, naye asaini kwamba amepokea. Bila saini hiyo, watasema hawajaona kitu. Siku zikiwapita, msikate tamaa wala msikae nyumbani: wakili aombe koti iwaongezee muda, na tarehe ishirini na sita Habuba awe amekaa ndani, mbele, si nje kwenye benchi.

Na hiyo karatasi unayosema hukuifunika. Mwanangu, kumwachia karatasi ya Kiingereza wazi mtu asiyejua Kiingereza, bado ni kuificha. Hakikisha amekunywa dawa yake. Kaa naye mkekani, umsomee kwa sauti kwa lugha yake, na usiruke jina la mtoto wake.