Kamera Imesema Sikuwepo

Shoga, nimefukuzwa. Mimi! Kwa mjukuu wangu mwenyewe!

Ile kamera waliyofunga juu ya kitanda cha mtoto imemtumia mke wa mwanangu ujumbe kazini kwamba chumbani hakuna mtu. Wamerudi mbio wote wawili, mke anafoka, "Mama, umemwacha mtoto peke yake!"

Peke yake? Nilikuwa sakafuni kando ya kitanda, nimetulia tuli nisimwamshe. Mtoto kafumba macho, lakini nikiondoka tu analia. Yeye ananijua kwa harufu.

"Kamera haidanganyi, mama." Kaniambia hivyo usoni, shoga!

Mwanangu, Mungu ambariki, hakubishana. Alitutoa nje, mimi nimembeba mtoto, akakaa pale pale nilipokuwa, akatulia kama mimi. Punde simu ya mkewe ikalia: chumbani hakuna mtu. Kumbe dude lenyewe linaona anayetikisika tu!

Mke akachungulia mlangoni. Mumewe yupo. Nikangoja aniombe radhi.

Akanigeukia, uso mkavu: "Hata hivyo, kesho anakuja yaya."

Na mtoto hajui kulala bila kushika kidole changu. Nani atamwambia huyo yaya?