Jina Nililomgawia Jirani

Msambweni,
Mfunguo Pili

Kwa mdogo wangu Riziki, nyumbani Wete.

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako ilinifikia tangu mwisho wa vuli, ikakaa kwangu bila kuitikiwa mpaka leo, na hilo peke yake lanitosha kuwa aibu. Hujambo wewe? Mtoto hajambo? Na mama, miguu imepungua kuvimba, au bado anajikokota kwenda shamba na kusema haumwi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Hamisi angali anakwea minazi ya watu na kushuka salama, ila mwezi uliopita aliingia kwenye kiota cha majimoto, wakamuuma mpaka jicho moja likafumba. Alishuka akicheka, kwa hiyo nilijua hakuvunjika kitu.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hizi herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuo cha Kurani. Nimekataa kuandikiwa na mtu. Nawe usimpe mtu akusomee, hata mumeo. Ukimaliza kuisoma, kama utaona vyema kunisamehe, unisamehe.

Barua yako ililetwa na watu wa mashua waliopitia Vanga. Nilikuwa ninashona. Nilikuwa na kigauni cha rangi ya samli, kina malinda mawili chini, nilichokuwa nimemshonea mwanao kabla hajazaliwa. Kilikuwa kimebaki vifungo tu. Nikaifungua barua kwa furaha, nikasoma: "Dada, nimejifungua salama mtoto wa kike. Nimemwita Sikitu, yule wetu wa dunguni. Najua utafurahi."

Riziki, sikufurahi.

Neno lililonichoma ni lile "wetu". Nilikaa nikalitazama. Nikakumbuka konde la mpunga kule bondeni, mimi nina miaka kumi na mmoja, wewe mitano, tumepandishwa dunguni, juu ya kile kilingo cha miti, tangu alfajiri tuamie ndege wasile mpunga. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele mpaka sauti inakauka, mimi ndiye niliyekuwa nikirusha udongo kwa kombeo, na wewe ukilia ukimtaka mama. Nikakutungia mtu ili unyamaze. Nikakwambia palikuwa na msichana yatima, mama wa kambo akimwita "si kitu", basi naye akalifanya neno hilo kuwa silaha. Akikuta mto umefurika, husema, "Si kitu!" akavuka. Akimkuta chui njiani, husema, "Si kitu!" akapita. Ndege walipokula mpunga wote aliopewa kuulinda, akasema, "Si kitu!" akawafuata kwa miguu mpaka nchi yao, kwenda kudai. Kila siku nilikuongezea kipande. Ulikuwa ukiisha kulia, ukinivuta kanga: "Kisha Sikitu akafanyaje?"

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoolewa na Hamisi, nikaacha kwetu nikamfuata huku kwao, nilikuja na sanduku moja na jina moja. Binti yangu wa kwanza angeitwa Sikitu. Mimba ya kwanza ulisikia habari zake, ilitoka ikiwa changa. Ya pili mlisikia imetoka, hamkusikia kwamba ilifika miezi saba, na kwamba alikuwa wa kike. Nilikuwa nikimwita tumboni nikizungusha cherehani. "Sikitu, usinipige teke, nashona." Akizidi kupiga ndipo ninamsimulia.

Wewe hukujua. Nalijua hilo, na nalijua siku ile pia. Lakini wivu hauulizi nani alijua na nani hakujua. Niliona umezaa, umebaki karibu na mama, na juu ya yote hayo umeingia mpaka ndani ya kifua changu ukachukua kitu pekee nilichokuwa nimekiweka. Barua nikaikunja nikaitia chini ya cherehani.

Hamisi aliporudi akauliza, "Wete wanasemaje?"

"Riziki kajifungua."

"Alhamdulillahi! Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Wamempa jina gani?"

Nikasema, "Sikuweza kulisoma. Wino umemwagika."

Huo ni uongo wa kwanza. Sikiliza nilichofanya baadaye.

Tuna jirani yetu aitwaye Mejumaa, Mdigo wa hapa hapa, mumewe yuko Mombasa anafanya kazi ya kupakua meli. Ni mwanamke mpole, hucheka hata akikwaruzwa. Miezi miwili baada ya barua yako naye akajifungua mtoto wa kike, na siku ya sita akaja kwangu kachoka. Mama yake anataka mtoto aitwe kwa jina la upande wao. Mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, anataka aitwe Fatuma, jina la mama yake yeye mwenyewe. Wazee wawili hawasemezani, na kesho ndiyo siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina.

"Dada Mize," akaniambia, "wewe umetoka mbali, huna upande. Nipe jina zuri lisilo na ugomvi."

Nikamwambia, "Mwite Sikitu."

Nikalitoa hivyo hivyo, kama mtu anayetema kokwa. Kisha nikatia vifungo kile kigauni cha rangi ya samli, nikampa nacho. Mejumaa akanibusu mikono. Nami, mdogo wangu, nisikufiche, niliona raha. Nilijisemea: sasa Riziki hana cha peke yake. Litaitwa Msambweni mpaka lizoeleke, na siku nikisikia la Wete litakuwa jina kama majina mengine.

Raha yenyewe haikufika hata magharibi ya siku ya pili. Mtoto alipotajwa jina mbele ya watu, Bi Mwanatumu akasimama, mwanamke mrefu, sauti kama ya mwadhini.

"Si kitu? Mjukuu wangu ndiye si kitu? Nani kalitoa jina hilo?"

Mejumaa akasema, "Ni jina la huko Pemba, mama. La msichana shujaa."

"Msichana huyo ni wa nyumba gani? Nani alimzaa? Kaburi lake liko wapi?"

Watu wakanitazama mimi. Mimi nikatazama mkeka. Ningesema nini? Kwamba alizaliwa dunguni kati ya asubuhi na adhuhuri ili mtoto asilie? Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikoharibu.

Mejumaa kwa mara ya kwanza akamkaidi mkwewe, jina likabaki. Likakaa kiasi cha mwezi mmoja. Nilikuwa nikilisikia ng'ambo ya ua wa makuti, "Sikitu, Sikitu, nyamaza mama," na kila likiitwa nilikuwa kama mtu anayesikia nguo zake zikipigwa mnada. Nilidhani nikilitoa litaniacha. Kumbe nilikuwa nimelileta mlangoni.

Kisha mtoto akaanza kuugua. Analia tangu asubuhi, anakataa ziwa, mwili wa moto, anageuza kichwa huku na huku. Bi Mwanatumu akasema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba jina lile halina mtu, na jina lisilo na mtu likiitwa huitika kingine. Na wewe wajua wanavyotusema sisi Wapemba. Mwanamke aliyetoka Pemba, hana mtoto, anampa mtoto wa mwenziwe jina lisilojulikana na nguo juu yake! Siku ya tatu watu wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao nilivyokuwa sijakata. Siku ya nne nikamsalimu mama mmoja njiani, shikamoo yangu ikaanguka chini.

Hamisi akakasirika, akataka kwenda kuwagombeza. Nikamzuia. Nilijua uchawi wanaosema ni uongo. Lakini husuda, mdogo wangu, ilikuwa kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikijua hivyo.

Asubuhi ya Ijumaa nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanatumu, na Mejumaa nyuma yake kambeba mtoto, macho yamemvimba kwa kulia. Sikuwahi hata kuwakaribisha. Bi Mwanatumu akaketi, akamchukua mtoto akamweka mapajani mwangu.

"Haya," akasema. "Mwenye jina ni nani? Sema mtoto asikie."

Nikasimulia. Riziki, tangu yule wangu wa miezi saba nilikuwa sijaisimulia hadithi ile kwa sauti. Nikaanza kwa woga, kisha maneno yakajipanga yenyewe, mto, chui, njia ndefu ya kuwafuata ndege. Mtoto analia, kisha ana kwikwi, kisha ananyamaza kidogo. Mejumaa kakaa chini kaegemea kizingiti. Nikafika pale Sikitu anaposimama mbele ya mfalme wa ndege na kudai mpunga wake. Hapo nikakwama.

"Kisha?" akauliza Bi Mwanatumu.

Nikataka kusema kwamba alipigana, akarudi na magunia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeimalizia hadithi moyoni mwangu miaka yote hii. Nikafungua kinywa, na nikasikia sauti yako. Wallahi, sauti yako ya miaka mitano. Hukunikubalia magunia. Ulisema, "Sivyo, dada. Hakutaka mpunga. Aliomba ndege mmoja tu, akarudi naye, akamweka dunguni awaamie wenziwe. Ili dada yake ashuke akacheze."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Au sikulisahau, nililificha, maana lingenipokonya hadithi yangu. Wakati ule wasichana wa rika langu walikuwa wakicheza ng'ambo ya konde, tukiwasikia wakiimba, na mimi sikuwa nimekwambia kwamba natamani kwenda. Uliniona.

Nikawaambia mwisho huo.

Bi Mwanatumu akauliza, "Hilo la mwisho alilisema nani?"

"Mdogo wangu."

"Ana mtoto?"

"Anaye. Wa kike."

"Anaitwaje?"

Nikasema, "Sikitu."

Akanitazama. Nilidhani atapiga kelele. Akasema taratibu, "Na wewe ukampa Mejumaa." Hakuwa akiuliza. Kisha akainuka, akamchukua mtoto. "Basi jina lina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Sisi hatuvai nguo ya mtu. Tangu leo huyu ni Fatuma."

Kwa hiyo alipata alichokitaka tangu mwanzo. Lakini kigauni hakukirudisha.

Mejumaa alibaki nyuma. Nikamwomba radhi. Akasema, "Dada, ungeniambia tu kwamba unaumia. Ningeketi nawe." Nikajitanda buibui, tukamfuata Bi Mwanatumu, tukampeleka mtoto hospitali sote watatu. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akamwangalia sikio, akaona jipu ndani, akalisafisha, akatupatia dawa ya kumdondoshea sikioni. Baada ya siku nne mtoto ananyonya kama ndama. Mejumaa asema ni dawa. Bi Mwanatumu asema ni jina. Wanawake wamerudisha vitambaa vyao bila kusema kitu, nami nimevikata bila kuuliza kitu.

Hamisi nilimweleza yote, na barua yako nikamtolea. Hakunikemea. Aliuliza neno moja: "Yule wetu ulikuwa ukimwita nani?" Nikamwambia. Akatoka nje, akakaa akinoa panga lake ambalo lilikuwa limekwisha kunolewa. Aliporudi ndani akasema, "Msimu wa karafuu mwaka huu nakwenda Pemba kuchuma. Safari hii tunakwenda wote." Kwa hiyo tutegemeeni, inshallah, meli ikipatikana. Huku sasa safari zina maswali mengi, Likoni askari wanawauliza watu wa bara vipande vyao, vile vyeti vya kazi, lakini sisi wa pwani hutuacha tupite.

Sasa nikwambie ukweli wa mwisho. Nimeona kosa langu, lakini wivu haujatoka. Usidhani ninayekuja ni mtu aliyepoa. Huenda nikifika nikakaa mbali na kitanda cha mtoto siku ya kwanza, usinilazimishe. Huenda nikakuona ukimnyonyesha nikasema nakwenda kuteka maji ilhali mtungi umejaa. Niache niende. Nitarudi.

Unisalimie mama, umbusu mikono, umwambie namletea achari ya ndimu niliyoitia mwenyewe. Msalimie mumeo, umwambie shemeji yake anamshukuru kwa kuwatunza. Msalimie shangazi aliyetulea pale mama alipokuwa mgonjwa, na yule mwalimu wetu wa chuo kama bado yu hai, aone mkono wangu unavyoandika sasa. Mejumaa naye anakusalimu. Asema anataka kukujua.

Na mtoto wako umsalimie kwa jina lake. Liite kwa sauti, watu wasikie. Nimekuachia jina, Riziki, ni lako na lake. Ila hadithi usimsimulie. Najua bado ni mchanga hasikii maneno, hata hivyo usianze. Mtoto unaye, jina unalo. Kusimulia niachie mimi.

Ni mimi dada yako,
Mize