Mti wa Bondeni Haukupata Jina

Baba,

Shikamoo. Hutaitikia, najua, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe kwa namna nyingine.

Mti wako umekatwa. Nilitafuta njia ya kukupa habari hii polepole, nikaona haipo. Ule wa bondeni, nyuma ya shamba la Baba Mdogo kule Namtumbo, uliokuwa ukiutembelea tangu ukifundisha baiolojia hadi ulipostaafu. Haupo tena.

Na ili upewe jina tulikuwa tumebakiza matunda tu. Maua ulishayakausha mwenyewe, ukayabana kwenye magazeti chini ya jiwe la kusagia la Bibi, naye akakununia juma zima. Mtaalamu wa Dar es Salaam alikwambia ukoo wake anautambua, lakini haufanani na mti wowote anaoujua, na hawezi kuupa jina kwa maua peke yake. Alitaka na matunda yake. Ukasema tungoje mvua ziishe. Mvua zilipoisha, wewe ulikuwa umeshazikwa.

Unakumbuka nilivyokuuliza, nikiwa bado shule ya msingi, kwa nini mti usiitwe tu jina lake la kawaida? Ulinipeleka kwa wauza mbao pale Songea. Mmoja akasema huu mninga, jirani yake akasema huu mtumbati, na ubao ni uleule. Wakabishana mpaka tukawaacha. Njiani ukaniambia, "Sasa, mama, mtu wa nchi ya mbali aulizie lipi? Kwetu mgeni akifika anaulizwa ukoo kwanza, ndipo jina. Mti nao ni hivyohivyo. Ukishajua ukoo wake unajua ndugu zake, na nusu ya tabia zake unazijua kabla hujaonja jani." Nikauliza kwa nini kwa Kilatini. Ukasema wenye Kilatini walishakufa, kwa hiyo hakuna wa kukigeuza kila kukicha wala wa kuringa kwamba ni cha kwao.

Jioni ulipokuwa ukipanga majani yako uani, uliyasoma majina yake kwa sauti. *Pterocarpus angolensis. Uapaca kirkiana. Brachystegia spiciformis.* Bibi, aliyekulia kwenye misa ya Kilatini, alikuwa akichambua mboga, na bila kuinua kichwa akaitikia kila jina, "*Ora pro nobis,*" yaani utuombee. Alidhani ni litania ya watakatifu. Ulicheka hadi ukakaa chini, lakini hukumsahihisha, wala siku zilizofuata. Sasa hakuna anayesoma. Bibi anachambua mboga kimya, na mimi sina sauti ya kumsomea.

Nilikwenda Namtumbo na mbao zako za kubania majani na magazeti, kuchukua matunda. Nikakuta kisiki, na pembeni bani jipya la kukaushia tumbaku, linafuka moshi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kila mtu kule amekimbilia tumbaku, na tumbaku inakula kuni. Baba Mdogo alinipokea vizuri, akaniwekea kiti kivulini. Nilipomuuliza, alishangaa kabisa.

"Mninga nimeuacha, mwanangu," alisema. "Msuku nimeuacha, watoto wanakula masuku. Kwani huo ulikuwa mti gani?"

Hata wewe, Baba, ulikufa hujapata jibu la swali hilo. Angekuwa na jina la kuutaja, pengine shoka lingesita. Nilitaka kumchukia nikashindwa, ana watoto shuleni na hakuna aliyewahi kumwambia habari za mti ule. Alipoona nalia alifunga bani, tukatembea bonde lote kutafuta mwingine. Tulipita kila kijito. Tuliona visiki, tukaona miche ya tumbaku, basi.

Nilimpigia simu mtaalamu kutoka posta. Akasema maua yako yatakaa kabatini pamoja na mengine yaliyojulikana ukoo lakini hayana jina, na kwamba kabati hilo limejaa. Nilimshukuru, nikakata simu. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumsalimu mtu yeyote njiani.

Sina la kukufariji. Watu wananiambia nisikate tamaa, huenda upo mwingine mahali. Mimi siamini. Ulikuwa huo, na umekausha tumbaku ya watu, umekwisha.

Mvua za mwaka huu zimefuta maandishi kwenye msalaba wako. Juzi nilikuwa nafyeka majani pale, mama mmoja mgeni akapita na ndoo yake, akaniuliza, "Hapa amelala nani?" Niliweka fyekeo chini. Nilimtajia, lakini alikuwa na haraka zake.

Kwaheri, Baba. Kila mvua zikiisha nitakuja na kopo la rangi, niandike upya, ukoo kwanza, kisha jina, kama ulivyonifundisha. Nitafanya hivyo maadamu nina uhai. Baada yangu sijui nani ataulizwa, wala kama atajua la kujibu.

Mwanao